Daktari Anayehamia Mji Mdogo: Namna ya Kupiga Hesabu ya Maisha na Kupata Nyumba

Barua ya kazi ikifika, jicho hukimbilia tarakimu moja tu, mshahara. Kisha mtu anasikia kwamba huko aendako nyumba ya vyumba vinne hupangishwa kwa bei ya vyumba viwili vya jijini, na jioni hiyohiyo anasaini. Mimi nilihama hivyo mara ya kwanza, na miezi minane baadaye akiba yangu ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoondoka nayo. Mara ya pili nilikaa na kalamu na karatasi wiki mbili kabla ya kujibu. Ninayoyaandika hapa ni kazi ya hizo wiki mbili, pamoja na yale niliyojifunza baada ya kufika. Nimeyaandika nikiwafikiria zaidi madaktari wenzangu wenye familia, maana hesabu ikikosewa, watoto na mwenza ndio huumia kwanza.

Hatua ya 1: Tenganisha kinachoshuka bei na kisichoshuka

Mji mdogo si nafuu kwa kila kitu. Kinachoshuka kwanza ni ardhi, na ardhi ikishuka kodi ya nyumba hushuka nayo. Mwanauchumi Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alikwisha kueleza mwaka 1826 kwamba thamani ya ardhi hupungua kadiri inavyokuwa mbali na soko. Kinachofuata ni kazi ya mikono ya watu wa hapohapo: fundi, msaidizi wa nyumbani, kinyozi, mlezi wa mtoto. Wao nao wanalipa kodi ndogo, kwa hiyo malipo wanayoomba ni madogo.

Vitu vinavyotoka kiwandani au ng'ambo havijui kwamba umehama. Simu, kompyuta, friji, tairi na vipuri vya gari utavikuta kwa bei ileile ya jijini, na mara nyingi juu yake, kwa sababu vimesafirishwa na wauzaji ni wachache. Riba ya mkopo haishuki. Bima nyingi hazishuki. Na sisi madaktari tuna gharama zetu ambazo mwalimu au mhasibu anayehamia mji huohuo hana: ada ya leseni, ada za chama cha kitaaluma, bima ya makosa ya kitabibu, mafunzo ya kuendeleza taaluma. Hayo mafunzo ndiyo hupanda. Jijini ulikuwa unahudhuria mkutano kisha unarudi kulala kwako. Sasa mkutano huohuo una nauli, hoteli za usiku mbili na siku mbili ambazo mtu mwingine anashika zamu yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kinachobaki

Usitumie orodha za jumla zinazosema mji fulani ni nafuu kwa asilimia kadhaa. Orodha hizo hupimwa kwa kapu la matumizi ya familia ya wastani, na familia yako ina kapu lake. Chukua matumizi yako halisi ya miezi mitatu iliyopita, yagawe katika mafungu saba au manane, kisha kila fungu lipigie simu ya kuuliza bei za kule.

Nikupe mfano wa tarakimu tupu, usio na sarafu. Tuseme jijini kinachoingia mkononi baada ya kodi na makato ni 100. Nyumba inachukua 38, usafiri 10, chakula 16, umeme na maji na intaneti 6, watoto 14, msaidizi wa nyumbani 4, safari 2. Jumla ni 90, kinabaki 10. Mji mdogo wanakupa 90. Nyumba imeshuka hadi 20, na hapo ndipo watu hufunga daftari wakifurahi. Usifunge. Usafiri umepanda hadi 13 kwa sababu sasa familia inahitaji gari la pili, mabasi ni machache na shule iko mbali. Chakula kimebaki 16. Umeme, maji na intaneti vimefika 8, kwa kuwa nyumba ni kubwa na huwezi kuishi bila chanzo cha akiba umeme ukikatika. Watoto 12, msaidizi 3. Safari zimetoka 2 hadi 7: kuwaona wazazi, kumpeleka mtoto kwa bingwa ambaye hayupo mjini kwako, na ile mikutano. Jumla ni 79. Kinabaki 11.

Umepunguza kodi ya nyumba karibu nusu, lakini faida yako ya mwezi ni 1. Mfano wako unaweza kutoka vizuri zaidi au vibaya zaidi, ila sura yake hufanana na hii mara nyingi: nyumba inarudisha fedha, kisha usafiri na safari zinazichukua.

Halafu kuna mwenza. Jedwali hilo limechukulia kwamba kipato chake hakikuguswa. Kama naye anafanya kazi ya kitaalamu, na mjini kuna mwajiri mmoja tu wa fani yake au hakuna kabisa, ondoa kipato chake chote kwa miezi sita ya kwanza kisha hesabu upya. Nakuomba fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmekaa pamoja, naye akiwa ameshika kalamu. Nimeona ndoa za madaktari zikitetereka kwa sababu mmoja alihama na kazi mkononi na mwingine akahama na mizigo tu.

Hatua ya 3: Soma mkataba ukiwa na nyumba akilini

Waulize mambo haya kwa maandishi, na majibu yaje kwa maandishi.

Fedha ya kuhama inatolewa kabla, au unatumia yako kisha unarudishiwa kwa risiti? Hiyo tofauti huamua kama utaanza maisha mapya na deni. Bonasi ya kusaini ina sharti gani? Mikataba mingi hudai uirudishe yote au sehemu yake ukiondoka kabla ya mwaka au miaka kadhaa, na ukishaiweka kwenye malipo ya awali ya nyumba hutakuwa nayo ya kurudisha. Posho ya nyumba inakatwa kodi? Kama inakatwa, thamani yake kwako ni ile inayobaki baada ya makato.

Zamu za usiku mnagawana madaktari wangapi? Watu hulichukulia hili kuwa suala la uchovu tu, lakini linagusa mfuko. Mkiwa watatu, kila mmoja ana usiku 10 kwa mwezi wa kuwa tayari kuitwa. Mkiwa sita, ni usiku 5. Mwenye usiku 10 atalazimika kukaa karibu na hospitali, mahali ambapo nyumba ni chache na ghali, na atahitaji mtu wa kulala na watoto usiku mara kwa mara. Mmoja wenu akiacha kazi, wawili mliobaki mna usiku 15 kila mmoja.

Uliza pia kuhusu kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwingine ndani ya umbali fulani baada ya kuondoka. Jijini kifungu hicho kina uzito mdogo, unavuka mtaa na kupata hospitali nyingine. Kwenye mji wenye hospitali moja, kuacha kazi ni kuacha mji. Shika jambo hilo vizuri kabla hujafikiria kununua nyumba.

Usione haya kuomba msaada wa makazi, shule au kazi ya mwenza. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu kuwavutia na kuwabakiza watumishi wa afya katika maeneo ya vijijini na ya mbali, mapendekezo yaliyopitiwa upya mwaka 2021, lilitaja mazingira ya kuishi ya mtumishi na familia yake: usafi wa mazingira, umeme, mawasiliano, shule. Hospitali inayotafuta daktari kwa muda mrefu inalijua hilo. Omba mapema, kabla ya kusaini. Ukishasaini, utakuwa unalalamika.

Hatua ya 4: Pima njia kabla ya kupenda nyumba

Kwa daktari anayeitwa usiku, umbali hupimwa kwa dakika. Hospitali nyingi humtaka aliye zamu afike ndani ya dakika 20 au 30, na sharti hilo lina sababu. Kwenye upasuaji wa dharura wa uzazi, lengo linalotumika sana ni mtoto awe ametolewa ndani ya dakika 30 tangu uamuzi ufanyike. Mgonjwa ambaye mshipa wa moyo umeziba huhesabiwa dakika 90 tangu afike mlangoni hadi mshipa ufunguliwe. Ukitoa muda wa kuvaa viatu, kutafuta ufunguo na kuegesha gari, dakika zako za barabarani ni chache kuliko unavyodhani.

Nyumba ya kwanza niliyoipenda ilikuwa kilomita 9 tu kutoka hospitali, na ua mkubwa wenye miti mitatu ya kivuli. Nilipima njia Jumapili asubuhi: dakika 11. Nikafurahi. Jumatatu saa 1 jioni nikarudia, nikakuta kizuizi cha reli kimeshushwa. Treni ya mizigo ilikuwa inapita taratibu, behewa baada ya behewa, taa nyekundu zikiwaka na kuzima, nami nimeshika usukani naangalia saa. Nilifika hospitali dakika ya 31. Nikamuuliza mlinzi wa lango kama ni bahati mbaya ya siku hiyo. Akasema, "Daktari, hiyo ni kila siku, na usiku zinapita mbili." Niliiacha ile nyumba na ua wake.

Basi pima njia mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, jioni, na usiku wa manane. Uliza kuhusu mvua, madaraja na reli. Waulize walinzi na madereva wa gari la wagonjwa, wao wanaijua barabara kuliko dalali.

Fikiria pia safari ya kurudi. Utafiti uliofanywa kwa madaktari walio mafunzoni nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba uwezekano wa kupata ajali ya gari baada ya zamu ya saa 24 au zaidi ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa baada ya zamu fupi. Nyumba nzuri iliyo dakika 45 nje ya mji inakungoja kila asubuhi ukiwa hujalala. Kama kodi ya karibu na hospitali ni kubwa kidogo, mimi ningeilipa.

Hatua ya 5: Kagua nyumba kama mtu atakayelala mchana

Wapangaji wengi hukagua jikoni na sebule. Wewe anza na chumba cha kulala, saa 6 mchana. Niliwahi kumwomba mwenye nyumba anifungulie muda huo, nikavuta mapazia, nikakaa kimya kwenye ukingo wa dirisha dakika 20. Dakika ya 12 pampu ya maji ya jirani iliwaka, ikanguruma hadi kioo kikatetemeka chini ya mkono wangu. Mwenye nyumba akasema mtu huizoea. Aliyetoka zamu ya usiku haizoei.

Ukiwa chumbani humohumo, toa simu upige. Kuna nyumba nzuri ambazo mtandao unafika barazani tu, na simu ya hospitali ikilia saa 9 usiku huwezi kuwa barazani. Kama kazi yako ina kusoma picha za vipimo ukiwa nyumbani, pima kasi ya intaneti jioni, wakati mtaa mzima umerudi.

Fungua mabomba yote kwa pamoja uone shinikizo la maji. Uliza umeme hukatika mara ngapi na kwa muda gani, na umuulize jirani, si anayekupangisha. Lango lifunguke haraka bila kumwamsha mtu. Angalia taa za nje: usiku ukiitwa, nyuma yako mwenza na watoto watabaki peke yao, na usalama wao lazima uwe umeutatua kabla hujahamia.

Kuna jambo ambalo halipo kwenye jedwali lolote. Mji mdogo utajua unapoishi. Watagonga mlango wakiwa na mtoto mwenye homa, na wengine watakuja na matokeo ya vipimo Jumapili. Hilo lina uzuri wake, nami nimepata marafiki wa kweli kwa njia hiyo, lakini mtu anahitaji mahali pa kuvua koti. Ukipata nyumba iliyo hatua chache ndani ya mtaa, isiyotazama barabara kuu wala kituo cha mabasi, ipe alama zaidi.

Hatua ya 6: Panga mwaka mmoja kwanza

Hapa ndipo wenzangu wengi hupotea, na nalisema kwa uchungu. Benki humpenda daktari. Utafika wiki ya kwanza na mtu atakwambia kodi ni fedha inayotupwa, nunua tu. Tuangalie hesabu ya mkopo.

Chukua mkopo wa 100,000 kwa sarafu yoyote, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa miaka 20, malipo sawa kila mwezi. Utalipa takriban 836 kwa mwezi. Kwenye malipo ya kwanza, karibu 667 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 170 tu. Baada ya miaka 2 umeshatoa zaidi ya 20,000, ilhali deni limeshuka kwa takriban 4,400. Sasa tuseme kazi imekushinda au mwenza hajapata ajira, na mnaondoka. Unauza. Malipo ya dalali, mwanasheria na ada za kuhamisha hati yanaweza kuila hiyo 4,400 yote, hata kama bei haijashuka. Na kwenye mji mdogo wanunuzi wa nyumba kubwa ni wachache, mara nyingine ni daktari ajaye baada yako, ambaye naye anataka kupanga kwanza. Nyumba inaweza kukaa sokoni mwaka mzima huku unalipa mkopo wake pamoja na kodi ya unakoishi.

Kwa hiyo panga miezi 12. Mwaka huo utakuonyesha mtaa unaojaa maji, shule ambayo walimu wanahama, na kama wewe mwenyewe unaipenda kazi. Hakikisha mkataba wa upangaji una njia ya kutoka kwa notisi ya miezi miwili au mitatu, na dipoziti irudishwe lini na kwa masharti gani. Piga picha kila ufa na kila doa siku unayoingia.

Ukifika wakati wa kufikiria kununua, gawanya bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba inayofanana nayo. Jibu likiwa chini ya 15, kununua kunastahili mazungumzo. Likizidi 20, endelea kupanga ukaweke tofauti hiyo kwenye akiba. Kati ya hapo, muda unaotarajia kukaa ndio unaoamua, na chini ya miaka mitano mimi singenunua. Malipo yote ya nyumba, pamoja na bima, kodi ya majengo na matengenezo, yasizidi asilimia 30 ya kinachoingia mkononi. Kwa matengenezo pekee tenga kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka.

Jingine dogo: bei itajwe kwanza, kazi yako baadaye. Neno daktari hupandisha kodi kabla hujakanyaga kizingiti.

Hatua ya 7: Fedha ya miezi mitatu mkononi

Mshahara wa kwanza huchelewa. Usajili wa leseni, uhakiki wa vyeti, kuingizwa kwenye orodha ya malipo, kila kimoja kina meza yake na saini yake. Weka matumizi ya miezi mitatu pembeni kabla ya kuondoka, mbali na gharama za kusafirisha mizigo, dipoziti na kodi ya kuanzia. Samani nzito ziulize bei ya usafiri kwanza, mara nyingi ni nafuu kuziuza kuliko kuzibeba. Vyeti vyako vya asili vibebe mkononi, visipande lori.

Hatua ya 8: Andika siku 90, kisha rudi mezani

Siku ya kufika, fungua daftari lenye mafungu yaleyale ya Hatua ya 2 na uandike kila kinachotoka. Baada ya siku 90 linganisha na makisio. Fungu litakalokushangaza pengine ni safari, na dawa yake ni kuamua mapema mtakwenda kuwaona ndugu mara ngapi kwa mwaka, kisha kuweka fedha hiyo kila mwezi. Kama usafiri umevimba, fikirieni kuhamia karibu zaidi mkataba ukiisha.

Andika pia saa. Saa ulizokuwa unamaliza barabarani jijini na sasa unazo, zimekwenda wapi? Mwanzoni zangu zilimezwa na zamu za ziada, nikizitafuta zile fedha ambazo hesabu mbovu ilinipotezea. Mara ya pili nilizilinda, na mwanangu wa kwanza alijifunza kuendesha baiskeli saa 11 jioni za siku za kazi, nikiwa nimeshika kiti chake kwa nyuma.

Mwezi wa 11, kabla mwenye nyumba hajakuuliza kama unaendelea, kaeni tena na lile daftari. Mwenza azungumze kwanza, kisha watoto waliofikia umri wa kusema, wewe uwe wa mwisho. Wote wakisema wanabaki, mpigie dalali.